Jiko la umeme linalojisafisha: soma haya kabla hujabonyeza kile kitufe

Siku mbili kabla ya Thanksgiving, ile sikukuu ya Marekani ya kushukuru, simu yangu haipoi. Mimi ni fundi wa matengenezo kwenye apatimenti hapa Ohio, na katika majengo yetu wamo Wakenya, Watanzania, na familia nyingi za Kikongo zilizopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Simu za wiki hiyo karibu zote zinafanana: mtu kataka oveni ing'ae kabla ya wageni, kabonyeza kitufe kilichoandikwa SELF CLEAN, mlango umejifunga na nyumba imejaa moshi. Au kumekucha, jiko limezima kabisa, halionyeshi hata saa. "Kaka, mulango inakataa," aliniambia mama mmoja wa Uvira, Kongo, na nyuma ya sauti yake nilisikia king'ora cha moshi kikilia na watoto wakicheka.

Nimeyaeleza haya nikiwa nimepiga magoti mbele ya majiko ya watu mpaka nimechoka. Basi leo nayaandika.

Kitufe hakioshi, kinachoma

Jina ndilo linalowaponza watu. Ukisikia jiko "linajisafisha" unawaza maji na sabuni, kama mashine ya kufulia. Hakuna hata tone la maji. Oveni inajifunga mlango, kisha inajipasha moto hadi kati ya nyuzi 470 na 500 za Selsiasi, ambayo ni karibu mara mbili ya joto kali kabisa unalopikia. Inakaa kwenye moto huo saa 2 hadi 4, na mafuta yaliyogandia kutani pamoja na makombo yaliyoanguka wakati wa kuoka yanateketea. Kinachobaki chini ni vumbi la kijivu, laini kama majivu ya udi kwenye chetezo. General Electric ndio walioiingiza sokoni oveni ya namna hii mwaka 1963, na hadi leo utaratibu ni ule ule.

Ukishaelewa kuwa unawasha tanuri la kuchomea uchafu, mengi ninayokuambia hapa chini ungeweza kuyakisia mwenyewe.

Kwanza ujue una jiko gani

Fungua oveni, pitisha kidole ukutani ikiwa imepoa. Ukuta laini unaoteleza kama sahani ya bati la enameli, na kwenye paneli pameandikwa SELF CLEAN au CLEAN: hilo ndilo ninalolizungumzia. Ukuta wenye chembechembe kama msasa ni aina nyingine, wenzetu walioko Ulaya wanaikuta zaidi. Ule unakula mafuta polepole wakati unapika, na haupakwi dawa wala kusuguliwa.

Majiko mengi ya siku hizi yana kitufe cha STEAM CLEAN. Huo ni mvuke tu. Unamwaga maji kama kikombe kimoja kwenye sakafu ya oveni iliyopoa, unabonyeza, na baada ya dakika 20 hadi 40 uchafu mwepesi umelainika, unafuta. Hakuna kuunguza wala moshi, lakini kwa mafuta ya miaka miwili usitegemee miujiza. Kuna majiko yenye vitufe vyote viwili, kwa hiyo soma kabla kidole hakijatua.

Kitabu cha maelekezo kimepotea? Kila mtu kapoteza. Vuta ile droo ya chini au fungua mlango, uangalie kwenye fremu: kuna karatasi ya bati yenye namba ya modeli. Iandike kwenye intaneti, kitabu chote utakipata bure. Nitakapotofautiana na kitabu cha jiko lako, fuata kitabu.

Jiko limesimama imara?

Hili watu hawalijui kabisa, na ndilo linalonitia hofu kuliko moshi wote. Mtoto wa miaka 3 anataka kuona kilichomo sufuriani. Anafungua mlango wa oveni, anaukanyaga kama ngazi, na jiko zima linainama mbele pamoja na maharage yanayochemka. Ndiyo maana tangu 1991 majiko haya Marekani yanauzwa pamoja na kibano cha chuma kinachopigiliwa sakafuni au ukutani, na mguu wa nyuma wa jiko unaingia ndani yake. Kibano kinakuja kwenye boksi. Kukifunga ni kazi ya binadamu, na binadamu huwa na haraka.

Kukagua ni dakika moja. Jiko likiwa limezimwa, limepoa, na juu hakuna kitu, toa droo ya chini, mulika kwa tochi ya simu pembe za nyuma. Unatakiwa uone mguu mmoja umeingia kwenye kibano. Kisha shika ukingo wa nyuma wa jiko uuvute kidogo kuja mbele. Ukinyanyuka kirahisi, piga simu ofisini siku hiyo hiyo, na uwaambie unataka kibano cha kuzuia jiko kupinduka. Jiko likisogezwa kwa ajili ya kupaka rangi au kuokota kijiko, kagua tena, maana mguu huwa haurudi mahali pake wenyewe.

Sisi tunaosonga ugali wa watu 8 tunalikandamiza jiko kwa uzito ambao mhandisi wake pengine hakuuwaza. Kagua.

Upande wa umeme sina mengi. Jiko hili linakula volti 240, na lina breka yake peke yake ya amp 40 au 50, ile pana ya vidole viwili kwenye sanduku la umeme. Itafute leo, uandike JIKO kwa kalamu, maana siku utakayoihitaji hutakuwa na muda wa kubahatisha. Plagi za zamani zina meno 3, za nyumba mpya meno 4, kwa kuwa kanuni za umeme za Marekani za 1996 ndizo zilizoanza kutaka waya wa nne kwa nyumba mpya. Usitafute adapta wala waya wa kuungia. Plagi isipoingia, huyo ni mteja wa fundi.

Kupika juu: koili au kioo

Kama una koili, yaani zile chuma zilizojiviringisha kama nyoka, kila moja ina bakuli chini yake la kukingia vinavyomwagika. Usilitandike foili. Najua mama yako alitandika, najua linabaki safi, lakini foili inarudisha joto juu na inaweza kugusa umeme. Koili zenyewe zinachomoka zikipoa, na hazitumbukizwi majini.

Majiko ya koili yaliyotengenezwa kuanzia 2018 hivi yana kidude katikati ya koili kinachopima joto la sufuria na kukata moto likizidi. Wengi wananiita wakisema jiko ni bovu, "linawaka na kuzima lenyewe." Si bovu. Sufuria yako ya bati iliyobonyea kitako haikigusi kidude sawasawa. Nunua sufuria nzito yenye kitako bapa, malalamiko yataisha.

Juu ya kioo kuna mambo zaidi. Kioo kinabeba uzito lakini hakipendi kuburutwa. Tawa la chuma la chapati liinue ukilihamisha, usilikokote. Ugali sasa: sufuria inazunguka, wewe unaikaba kwa mguu wa mwiko, kitako kinasaga punje ya chumvi iliyodondoka, na huo mchubuko hautoki tena. Njia niliyoizoea ni kupika uji wake jikoni, kisha ukianza kuwa mzito nahamishia sufuria juu ya kitambaa kilicholowa kidogo mezani, nasonga hapo kwa nguvu zangu zote, halafu nairudisha motoni uive. Mama mkwe wangu anasema huo si ugali. Anakula lakini.

Sukari ndiyo adui mkubwa wa kioo. Chai ya maziwa ikifurika, au kashata ikimwagika, usisubiri ipoe kama uchafu mwingine, kwa sababu sukari ikigandia na kupoa inaondoka na kipande cha kioo. Punguza moto, vaa glovu ya jikoni, na ukiwa na kile kikwangulio chenye wembe kilaze karibu na kioo, uisukume sukari hadi sehemu ya baridi. Uchafu mwingine wote subiri taa nyekundu ya HOT SURFACE izime, halafu tumia krimu ya vioo vya jiko na kitambaa laini. Steelwire weka mbali. Na sufuria ya alumini usiiache ikaukie maji kwenye kioo. Inaweza kuyeyuka na kushikana nacho, na hapo unanunua kioo kizima.

Mafuta yakishika moto sufuriani: funika kwa kifuniko, zima jiko, usiibebe sufuria, usimwage maji. Kifuniko kiwe karibu kabla hujaweka mafuta motoni, kisiwe kabatini.

Oveni: makaa ya juu na makaa ya chini

Aliyewahi kuona mkate wa kumimina ukiokwa nyumbani, makaa chini ya sufuria na makaa mengine yamepaliwa juu ya kifuniko, ana elimu yote anayoihitaji. BAKE ni moto wa chini hasa. BROIL ni makaa ya juu peke yake, na makali yake ni ya kweli: samaki wa kupaka anapata rangi kwa dakika chache, na ukijibu simu anapata masizi. Wakati wa BROIL usiondoke mbele ya jiko.

Namba za hapa ni za Farenhaiti. 350 ndiyo keki na mikate mingi, sawa na 177 zetu. 400 ni 204, kuku anabanika vizuri hapo. 450 ni 232. Weka wavu katikati kabla hujawasha, si baada ya kuwasha.

Sakafu ya oveni iachwe wazi, na hapo pia foili hairuhusiwi, kwa sababu inakaba moto na inaweza kugandia kwenye enameli moja kwa moja. Unataka kukinga matone, weka trei pana kwenye wavu wa chini. Nyanya, ndimu na maziwa vikimwagika, vifute oveni ikishapoa, siku ile ile, maana uchachu unaacha doa lisilotoka.

Na Januari ikifika, tafadhali, usifungue mlango wa oveni ili upashe chumba joto. Nimeikuta hiyo zaidi ya mara moja. Watoto wanaungua, na joto linapanda kwenye paneli ya vitufe na kuikaanga. Kwa jiko la gesi ni balaa zaidi, kwani ile hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu na inaua watu wamelala. Hita ikiharibika piga simu ofisini, hata usiku wa manane.

Sasa kile kitufe

*Chagua siku.* Unahitaji saa 5 au 6 za kuwa nyumbani na kuwa macho. Usiwashe ukienda kazini, usiwashe ukienda kulala, na usiwashe usiku wa kuamkia sikukuu. Hili la mwisho nimelilipia. Mwaka mmoja, kesho yake Idi, mke wangu kashaloweka mchele wa mkate, mimi najifanya mume mwema nikasema ngoja oveni iwe safi. Saa saba usiku nikasikia kama kidole kimealika, paneli ikazima. Fyuzi ya joto ilikatika. Ni kidude cha usalama kinachokata umeme joto likizidi, na joto la kujisafisha ndilo linalokijaribu kuliko kitu kingine chochote. Asubuhi ya Idi fundi wa majiko alikuwa anabisha hodi kwa jirani na sufuria ya mkate ulioumuka.

*Hamisha wenye mapafu mepesi.* Ndege kwanza. Kasuku au chiriku uliyemweka sebuleni anaweza kufa kwa moshi ambao wewe umekukohoza tu, maana mapafu ya ndege yanafyonza hewa kwa namna nyingine na hayavumilii. Kumpeleka chumba cha pili hakutoshi ikiwa hewa ya nyumba inazunguka. Mpeleke kwa rafiki hadi kesho. Mtoto mchanga, mgonjwa wa pumu na mzee watoke matembezini kwa saa za mwanzo, kwa sababu uchafu unaoungua hutoa moshi na kiasi kidogo cha kaboni monoksaidi.

*Toa kila kitu.* Trei, jiwe la kuokea, kipimajoto, foili, na zile nyavu za chuma zinazobeba trei. Nyavu zinazong'aa zikibaki ndani zinapoteza mng'ao na zinaanza kugoma kuteleza. Kitabu kikisema za kwako zina enameli na zinaweza kubaki, sawa. Vikaango visivyogandisha chakula vikae mbali kabisa, kwani mipako yake ikipata joto hilo inatoa mvuke wa sumu, na huo ndio unaoua ndege haraka zaidi.

Halafu vuta droo ya chini. Hapo ndipo watu wanaposahau. Yule mama wa Uvira alikuwa ameweka mle mifuko ya dukani, mabakuli ya plastiki ya kubebea chakula, na kawa la ukili alilokuja nalo safari nzima. Plastiki iliyeyuka ikashika kwenye reli za droo. Kawa lilipona kwa sababu lilikuwa mbele. Droo ile iwe tupu au iwe na vyuma vitupu.

*Futa kwa mkono kwanza.* Wanashangaa nikisema hivi: si linajisafisha? Mafuta yaliyotuama kama kidimbwi chini ya oveni yakifika nyuzi 400 hayawi majivu kimya kimya, yanashika moto. Chota mafuta kwa karatasi, kwangua vipande vikubwa, futa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kausha. Unachoiachia oveni ni ule utando mgumu tu.

Kisha tazama mlango. Kuzunguka mdomo wa oveni kuna utepe wa nyuzi zilizosokotwa, laini kama utambi. Huo ndio unaozuia joto lisitoke. Usiusugue, usiuloweshe, usiuvute. Ukiumia, joto linavuja na kuchoma vitufe. Lakini fremu iliyo nje ya utepe, na ukingo wa mlango unaogusana nayo, moto haufiki huko. Pasafishe kwa mkono, ama sivyo mafuta yatakauka pale na kuwa kahawia ya kudumu.

Zile dawa za kopo za kupulizia oveni usizitumie kabisa ndani ya oveni inayojisafisha. Mabaki yake yakipashwa moto huo yanakula enameli na kutoa hewa mbaya. Hata ulizitumia wiki iliyopita, suuza mara tatu, nne, kabla ya kufikiria kitufe.

*Fungua nyumba.* Dirisha moja la jikoni na jingine la upande wa pili, feni ya juu ya jiko iwashwe. King'ora cha moshi kiache na betri yake. Kikilia, pepea kwa sinia. Usikinyamazishe kwa kukivua, maana ndiyo siku unayokihitaji. Ondoa vitu vyote juu ya jiko, zikiwemo zile chupa za viungo na mafuta zilizopangwa mgongoni. Taa ya ndani ya oveni izime ili balbu isiungue. Usipike juu wakati oveni inajisafisha. Majiko mengine yanakufungia koili zote makusudi.

*Bonyeza.* SELF CLEAN, kisha muda. Mengi yanakupa saa 2, 3 au 4. Chagua muda mfupi kwanza; ukiona haukutosha utarudia siku nyingine. Bonyeza START. Utasikia mota ndogo ikikoroma na komeo likigonga, halafu neno LOCK litatokea. Kuanzia hapo mlango si wako. Usiuvute, usiupige, usijaribu kisu.

*Kaa hapo.* Saa ya kwanza kutakuwa na harufu ya kuungua na moshi mwepesi, ni kawaida. Mwambie mtoto mlango na pande za jiko ni moto, na umtazame. Ukiona ndimi za moto ndani kupitia kioo, bonyeza CANCEL au OFF, nenda ukakate breka uliyoiandika jina, na usifungue mlango hata kama komeo limeachia. Moto uliofungiwa mara nyingi hukosa hewa ukafa. Ukizidi, au moshi mzito ukianza kutoka kwenye kingo, toa watu nje, funga mlango wa nyumba nyuma yako, piga 911 ukiwa nje. Hakuna jiko lenye thamani ya kurudi ndani.

*Subiri ipoe.* Muda ukiisha mlango bado umefungwa, na hapa ndipo simu zinapoanza kulia kwangu. Komeo haliachii mpaka joto lishuke, na hilo linaweza kuchukua saa moja au zaidi. Neno LOCK likizimika na komeo likigonga tena, fungua ukisimama pembeni. Majivu yafute kwa kitambaa chenye unyevu oveni ikiwa imepoa kabisa. Maji ya baridi kwenye kioo cha moto yanakipasua. Mstari mweupe ukibaki ukutani ni chumvichumvi za chakula; kitambaa chenye siki kidogo kinaumaliza, kisha suuza.

Nyavu ulizozitoa: tandika taulo kuukuu kwenye bafu la kuogea ili zisikwaruze, mimina maji ya moto na sabuni ya vyombo, ziache usiku kucha. Zikigoma kuteleza zikirudi, paka tone la mafuta ya kupikia pembeni.

Mlango umegoma, je?

Kwanza hakikisha saa moja imepita kweli, si dakika 20 zinazoonekana kama saa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mlango unabaki umefungwa. Ukirudi, subiri jiko lipoe, bonyeza CANCEL. Bado? Zima breka ya jiko, hesabu dakika 5, iwashe. Mara nyingi komeo linazunguka lenyewe na kuachia. Likionyesha herufi F na namba, piga picha ya namba hiyo kabla hujazima chochote, kwa sababu kwa fundi namba hiyo ni nusu ya kazi. Jiko lisipowaka kabisa na breka iko sawa, karibu hakika ni fyuzi ya joto au bodi ya vitufe. Fyuzi iko nyuma ya jiko lenye volti 240. Usiifuate kwa video ya simu.

Kwa mama wa Uvira ilikuwa breka tu. Nilizima, tukanywa chai, nikawasha, komeo likagonga, tukafungua. Kazi iliyobaki ilikuwa kukwangua plastiki kwenye reli, dakika 40.

Mara ngapi?

Kitabu kitakuruhusu kila baada ya miezi kadhaa. Mimi, ninayeyafungua majiko haya migongo yao, nasema mara 1 kwa mwaka, 2 zikizidi. Katikati tumia bekingi soda: ikoroge na maji iwe kama uji mzito, ipake kwenye kuta na sakafu ukikwepa utepe wa mlango na chuma za moto, iache hadi asubuhi, futa, suuza hadi kitambaa kitoke safi. Inachosha mkono, lakini haijawahi kukata fyuzi ya mtu.

Na kama unahama na unaiwazia dipoziti yako, usibonyeze kitufe usiku wa mwisho. Oveni ikifia mikononi mwako asubuhi ya kukabidhi funguo, ofisi itaona jiko bovu, haitaona usafi. Fanya kazi hiyo wiki 2 kabla, hakikisha oveni inawaka na mlango unafunguka, piga picha ya ndani na ya paneli ikiwa inaonyesha saa, kisha pikia juu mpaka siku ya kuondoka.